Majambazi wa Sketi Ndefu

Harufu ya bisi zinazokaribia kuungua ikinipata popote, hata kwenye foleni ya posta, moyo wangu huanza kwenda mbio kama wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Bibi yangu Mwanahawa, mama yake Baba, alikuwa anazikaanga kwenye sufuria yenye mfuniko uliopinda, kwa mafuta mengi, chumvi na pilipili manga, na hakuamini kwamba zimeiva mpaka king'ora cha moshi kilie. Kikishalia ndipo alipovua khanga begani, akakipepea kile king'ora kule darini kama anayefukuza kunguru, akasema, "Haya, kengele imegonga, watu wakae." Kwa majirani wa jengo letu pale Hyattsville, Marekani, ule ulikuwa usumbufu mtupu. Kwangu mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye pumu na soksi zisizofanana, ilikuwa kengele ya sinema. Maana yake ni kwamba deki imewashwa, kanda imeingizwa, na wasichana wa Kijapani wenye sketi za kufagia sakafu wako njiani kuja kupigana.

Nijieleze mapema ili mtu asije akanitarajia makubwa. Mimi ni mtu wa ndani. Mama husema hata tumboni nilipitiliza siku zangu, na mimi mpaka leo sioni kosa: ndani kulikuwa na joto, chakula kililetwa, na hapakuwa na mgeni wa kusalimia. Katika fleti yetu ya ghorofa ya tatu nilikuwa na pembe yangu ya kochi iliyokwisha kuchukua umbo langu, na kituo cha basi kilichokuwa ng'ambo ya barabara nilikihesabu kuwa safari ya kuaga watu. Kiswahili nilikuwa nakielewa chote, hata kile cha kunong'ona jikoni, lakini kukisema nilikuwa sikisemi. Nikiulizwa kwa Kiswahili nilijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengine wa jengo lile, na tuliona ndivyo dunia ilivyopangwa: wakubwa wanatuma kwa lugha moja, wadogo wanakataa kwa nyingine.

Mambo yaliharibika siku mzee mmoja wa msikitini, mtu wa kuheshimika, alipokuja kumjulia hali Baba. Alinikuta kwenye pembe yangu na bakuli la nafaka za asubuhi, ingawa ilikuwa jioni. Akaniuliza mimi ni binti wa nani. Nikainua kijiko juu kwa maana ya salamu, nikasema "hai," na maziwa yakanichuruzika kidevuni. Baba, ambaye alikuwa dereva wa teksi na alizoea kunyamaza mbele ya abiria wa kila namna, hakusema neno mpaka mgeni alipoondoka. Kisha nikamsikia anamwambia Mama jikoni, "Huyu mtoto atarudi nyumbani." Sisi watoto tulilijua vizuri neno hilo. Kulikuwa na msichana mmoja wa Germantown aliyepelekwa Arusha kwa likizo ya Pasaka, na Pasaka zilikuwa zinakuja na kupita, yeye bado yuko likizo. Mpango wa Baba ulikuwa huu: Bibi angekuja kutoka Muheza kukaa nasi kiangazi chote, angenitazama kwa jicho lake, na siku zake za kuondoka zikikaribia angetoa neno. Akisema niende, ningeondoka naye kwenda shule ya bweni ya wasichana. Akisema nibaki, ningebaki. "Mama ndiye atakayesema," Baba alikuwa anarudia kila mara, kama mtu anayeikabidhi kesi kwa jaji wa juu.

Jaji mwenyewe alishuka kwenye ndege akinukia dawa ya mafua na karafuu. Nilipomsalimia shikamoo kwa sauti ya mbu, alinitazama kutoka miguuni mpaka utosini. "Marahaba, mke mwenzangu," akajibu, maana huo ndio utani wa bibi na mjukuu wa kike. "Sauti umeiacha kabatini?" Niliogopa kwamba kesi imeshaanza kusikilizwa.

Wiki za mwanzo Bibi alichoka vibaya sana. Baba yuko barabarani, Mama yuko kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee, televisheni inasema Kiingereza, na nje huwezi kwenda kokote bila gari. Alikaa dirishani akiangalia maegesho ya magari kama anayesubiri mojawapo lianze kuimba. Aliyetuokoa ni Mjomba Shabani, kaka yake Mama, mfanyakazi wa ghala, mtu asiyeweza kupita mbele ya tangazo la kufunga duka bila mkono wake kuingia mfukoni. Karibu na kwake kulikuwa na duka la kuazimisha kanda za video lililokuwa linafunga, likiuza kanda kwa maboksi. Alitafuta kitu cha kumfaa mama mtu mzima na mtoto wa kike. Akaliona boksi lenye picha za wanafunzi wa Kijapani: sare nadhifu, kola nyeupe, mikono mirefu, na sketi za marinda zilizoshuka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mjomba alipima maadili ya mtu kwa tepu ya fundi cherehani. Nguo ikishavuka goti kwenda chini, mwenye nguo yuko salama. Akajua hii ni shule ya masista. Akalipakia.

Mama naye alilikagua lile boksi kabla halijavuka sebule. Huyu ni Mama aliyewahi kuzima katuni kwa sababu wanyama wake hawakuvaa suruali. Aliipitia kanda moja baada ya nyingine, akatazama sketi, akatazama kola, akasema, "Umeona watoto wa wenzetu wanavyojisitiri?" Akanitazama mimi na kaptula yangu. Kumbe huko Japani ya zamani, sketi fupi ndiyo ilikuwa mtindo wa siku, na sketi ndefu ya namna ile ilikuwa bendera ya uhuni. Msichana aliyeishusha sketi yake mpaka chini alikuwa anautangazia mtaa mzima kwamba ana genge, ana mnyororo kwenye mkoba wa madaftari, na ana wembe mahali usipopadhania. Mjomba wangu mcha Mungu alikuwa amemletea mama mkwe wa dada yake boksi zima la majambazi wa kike.

Siku ya kwanza hakuna aliyekuwa tayari. Tarumbeta zililia, gitaa likakwaruza, na kabla Bibi hajamaliza kuketi, wasichana sita walikuwa wamemzunguka mwenzao chini ya daraja la reli. Aliyezungukwa alikuwa na kitambaa chekundu shingoni na macho ya mtu asiyedaiwa na yeyote. Akatabasamu. Akautoa mnyororo. Jamani! Damu ilikuwa nyekundu kama nyanya ya kopo na iliruka mbali kuliko damu ya kawaida, na kila aliyepigwa alipata muda wa kuzunguka mara mbili kabla ya kuanguka. Nilisimama juu ya kochi. Mimi, niliyekuwa nahema nikipanda ngazi, nilisimama juu ya kochi nikarusha ngumi hewani. Nikageuka kumtazama Bibi nikijua sasa ataizima. Bibi alikuwa ameacha kutafuna. Bisi moja ilikuwa imebaki imening'inia kati ya vidole vyake.

"Anasema nini huyu?" akauliza.

Kanda zilikuwa za Kijapani na maandishi ya Kiingereza chini. Nikaanza kumweleza kwa Kiingereza. "Kwani mimi Mzungu?" akasema. Kisha akanieleza jambo nililokuwa silijui. Muheza alikuwa anauza vitumbua nje ya kibanda cha kuonyeshea video. Ndani hakuwahi kuingia hata siku moja, lakini filamu zote alizijua, kwa sababu kule kuna mtu anakaa na kipaza sauti mbele ya picha, anaisema filamu kwa Kiswahili, anaigiza sauti za wote, majambazi, mapolisi na mama wanaolia, na sauti hiyo inatoka nje kupitia ukutani mpaka kwenye karai la vitumbua. Kwa Bibi, filamu ilikuwa yule msemaji. Picha zilikuwa nyongeza. "Sasa leo picha ninazo," akasema, "msemaji ndiye sina. Anza."

Nikaanza. Nilikuwa nayatafuta maneno kama mtu anayetafuta viatu gizani, naleta la kushoto mguu wa kulia. Bibi hakujali sana kwamba nimekosea. Alichokikataa ni ubaridi. "Mbona unaongea kama unasoma risiti? Mwenzio kauliwa dada yake!" Nikapandisha sauti. "Hivyo. Sasa huyo jambazi mwanamume mbona anaongea kama wewe? Mpe kifua." Nikampa kifua. Kufikia mwisho wa kanda ile sauti ilikuwa imenikauka, pumu inanipigia filimbi, na nilikuwa nimesema Kiswahili kingi kuliko nilichowahi kukisema tangu nizaliwe, nusu yake vitisho. Yule wa kitambaa chekundu Bibi alimpa jina la Marinda. Katika kila kanda, awe mwigizaji yule yule au mwingine kabisa, bosi wa wasichana aliitwa Marinda, na sikuona sababu ya kumsahihisha.

Kiangazi chetu kikapata ratiba. Mama akishaondoka kwenda kazini, sisi tunakaanga bisi, king'ora kinalia, sinema inaanza. Mambo ya watu wazima yalikuwemo pia, maana filamu zile hazikutengenezwa kwa ajili ya mabibi. Jambazi mkuu akimkaribia mpenzi wake kwa macho ya kulegea tu, Bibi alikuwa ameshasimama na khanga ameinyoosha mbele ya televisheni kwa mikono miwili, amegeuza uso yeye mwenyewe. Kwa bahati mbaya khanga ilifunika na maandishi. "Sema!" ananihimiza. "Sioni, Bibi!" "Sema tu, usikate utamu!" Kwa hiyo nyuma ya pazia lile mimi niliwasemesha wale wapenzi juu ya bei ya mchele, wagonjwa wa nyumbani na nani atampeleka mtoto hospitali, mpaka muziki ulipobadilika na Bibi akashusha khanga. Hakuona ajabu hata kidogo. Kilichomshangaza yeye ni umri wa wanafunzi. "Huyu mwanafunzi mbona analingana na mama yako? Kafeli mara ngapi?"

Baada ya siku chache mlango uligongwa kwa hasira. Alikuwa Mama Wanjiru, jirani yetu Mkenya wa ghorofa hiyo hiyo, muuguzi, amekuja kulalamika kuhusu king'ora. Alisimama mlangoni na nguo zake za kazi, mdomo umeshafunguka kulalamika, macho yakateleza mpaka kwenye televisheni, ambako Marinda alikuwa ananing'inia nyuma ya pikipiki inayokimbia. "Wacha nione kama huyu msichana ataanguka," akasema, "halafu niende." Hakwenda. Siku ya pili alikuja na chapati. Yeye alishangilia kwa nguvu zote: "Mpige! Mpige na hiyo ingine! Wee, huyu dem ni moto!" Bibi alimuuliza dem ni nini, akaambiwa ni msichana, na tangu hapo likawa neno lake pia.

Sasa, katika boksi lile kulikuwa na kitu kilichojirudia kila baada ya kanda mbili tatu. Marinda alikamatwa, akapelekwa mbele ya hakimu, na hakimu akampeleka kwenye jela ya watoto, jengo la matofali lenye waya za miiba. Siku nilipoyaona maandishi ya hukumu hiyo kwa mara ya kwanza, nilikumbuka kesi yangu. Sikupanga. Mdomo ndio ulipanga. "Baba yake," nikasema kwa sauti nzito ya msemaji, "amempeleka shule ya bweni. Mbali. Na mama yake hajaulizwa."

Bibi akalitazama lile jengo. "Bweni hili mbona lina mbwa?"

"Ni la zamani, Bibi."

"Na matroni mbona ana rungu?"

"Ni wa nidhamu."

Mama Wanjiru alikuwa anasoma Kiingereza vizuri kuliko mimi. Maandishi aliyaona. Akanitazama, akaendelea kutafuna chapati yake taratibu, akasema, "Ni kweli. Hata yetu kule ilikuwa hivyo hivyo." Nilimpenda siku ile na sijawahi kuacha. Tangu hapo kila jela katika filamu zile ikawa bweni, kila hakimu akawa baba mwenye haraka, na wasichana wote waliokufa kwa visu walikufa kwa sababu ya kutolewa kwenye makochi yao na kupelekwa mbali. Nilikuwa nalia kweli nikiwasemea. Bibi alifuta macho kwa ncha ya khanga, ingawa mara moja mabega yake yalitikisika kwa namna ambayo sikuielewa.

Na mimi nilikuwa naanza kuugua ugonjwa wa Marinda. Katika mfuko wa nguo ambazo Mama Wanjiru alikuwa anazigawa nilikuta sketi ya marinda ya bluu iliyokolea, ya mtu mkubwa. Nikaivaa, ikafika sakafuni na ziada. Nikatembea nayo ukumbini nikiyumbisha mabega, mkononi kadi ya maktaba nimeibana kati ya vidole viwili kama wembe. Genge langu lilikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo aliogopa mbwa mdogo wa ghorofa ya pili. Lakini nilijiona mtu mwenye eneo lake: kuanzia mlango wa lifti mpaka mlango wa ngazi, hakuna aliyepita bila kutazamwa vibaya. Mama alirudi kutoka kazini akanikuta hivyo. Nilijua nimekamatwa. Badala yake alishika mdomo kwa mkono, macho yakamlengalenga. "Tatu mwanangu," akasema, "umejisitiri mwenyewe bila kuambiwa?" Jioni ile aliwapigia simu marafiki zake wawili kuwaeleza jinsi nilivyotulia. Nilisimama pembeni nikiwa jambazi niliyebarikiwa.

Kuna jambo jingine nililochukua kwa Marinda. Alipoingia mtaa usio wake, kabla ya kurusha ngumi hata moja, alikunja magoti kidogo, akanyoosha kiganja mbele kikiwa wazi, akajitaja: jina lake, alikozaliwa, aliyemlea, na ombi kwamba wenyeji wampokee. Ndipo wakaanza kuuana. Sehemu hizo Bibi alizipenda kuliko ngumi. "Rudisha nyuma," ananiambia. "Muone huyo. Muuaji, lakini anajua kujitaja. Si wa kuinua kijiko." Kumbe habari za kijiko zilishamfikia. Nikawa nafanya mazoezi bafuni mbele ya kioo, kiganja mbele, goti chini, mpaka nikaweza bila kutetereka.

Kiangazi kikaenda, maduka yakaanza kutandaza madaftari, na Baba akaitisha kikao. Ilikuwa Jumapili alasiri. Baba alivaa shati la mikono mirefu ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hapo nikajua si mchezo. Mama alikaa pembeni yake, Mjomba Shabani kwenye kiti cha kulia chakula, na Mama Wanjiru alikuwepo kwa sababu hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumtoa. Bibi alikuwa amebandika sufuria jikoni, akaja kuketi. Mimi nilikaa kwenye pembe yangu ya kochi na sketi yangu, nikiipapasa ile pembe kwa mkono kama mtu anayeiaga. Baba alisema kwamba hana ubaya na mimi. Alisema anapoendesha teksi mjini huwaona watoto wakubwa wa wenzetu wakiingia na wazazi wao, hawana neno la kusemezana, na anaogopa kwamba siku moja na yeye atanibeba hivyo. Kiswahili chake kilipungua kasi pale. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba Baba naye anaogopa. Kisha akamgeukia mama yake. "Mama, wewe ndiye umemtazama. Sema."

Bibi alijipangusa mdomo. "Hamisi, hizo shule za bweni umezichunguza?"

"Mama, si wewe ulinisomesha bweni?"

"Enzi zako. Siku hizi zimeharibika. Wasichana wanatembea na minyororo. Matroni ana rungu. Kuna mbwa."

Baba akasogea mbele kitini. "Umeziona wapi?"

"Nimeziona mwenyewe, kiangazi chote. Kwenye televisheni yako hiyo."

"Ni kweli kabisa, Baba Tatu," akadakia Mama Wanjiru. "Hata mimi nimeona. Ni vibaya sana. Kuna moja walichoma dormitori."

Baba akamtazama Mjomba Shabani, Mjomba akatazama zulia. Alikuwa anajua ameleta filamu za shule ya masista tu. Mama naye akaingia. Alisema mtoto amebadilika, mtazame alivyovaa, sketi mpaka chini, na hakuna aliyemlazimisha. Mjomba akapata nguvu. "Nguo haidanganyi, shemeji," akasema. Baba akaitazama sketi yangu. Bado uso wake ulikuwa haujafunguka, na nilijua kwa nini. Alilolitaka yeye lilikuwa jingine, na hakuna wa kulitoa kwa niaba yangu. "Na wewe mwenyewe," akasema, "unasemaje?"

Nikasimama. Kiingereza kilikuja mpaka mlangoni mwa mdomo, nikakirudisha. Sikujua kusimama mbele ya watu kwa namna nyingine yoyote ila ile niliyofanyia mazoezi, kwa hiyo nikakunja magoti, nikanyoosha kiganja mbele, nikainamisha kichwa. Nikasema kwamba mimi ni Tatu, binti Hamisi, mjukuu wa Bi Mwanahawa muuza vitumbua wa Muheza. Nikasema nimezaliwa ng'ambo na nimekulia ghorofa ya tatu, kuanzia lifti mpaka ngazi. Nikasema sina nilichowaletea waliopo ila jina langu na jina la walionizaa, na nawaomba wanipokee hapa hapa nilipo. Sauti ilikuwa ya kifua, ile ya majambazi.

"Huyu mtoto ako na heshima kuliko wangu wote," Mama Wanjiru akanong'ona. Maana wao waliliona goti lililokunjwa mbele ya wazee, kichwa kilichoinama, mkono ulio wazi, binti anayejua kujitaja. Baba alijifuta uso kwa kiganja kutoka juu mpaka chini, taratibu. "Kaa, mama," akaniambia, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwa abiria. Kisha akataka kuuliza, naona swali lilikuwa ni wapi nimekitoa Kiswahili hiki chenye kutisha namna hii, lakini hapo king'ora kikalia. Bibi akanyanyuka na khanga yake. "Bisi!" akapiga kelele. "Hamisi, amua upesi, zinaungua!"

"Basi abaki," Baba akasema, katikati ya kelele zote zile. Nadhani hakuna hukumu iliyowahi kutolewa chini ya king'ora kilichopepewa kwa furaha vile. Mama Wanjiru alinibeba juu juu. Mjomba alikuwa anampongeza kila mtu, na yeye mwenyewe akijijumuisha.

Wageni walipoondoka nilikuwa bado naelea. Bibi alikuwa kwenye sinki. Bila kugeuka akasema, "Bosi, kunja hiyo sketi inafagia maji, njoo suuza. Marinda hakuwahi kuosha vyombo, ndiyo maana wakamfunga."

"Walimpeleka bweni, Bibi," nikasema.

"Ee, bweni," akajibu, na mabega yakamtikisika kama siku ile. Akanirushia povu usoni.

Aliondoka majani yalipoanza kugeuka rangi. Uwanja wa ndege walimfungulia sanduku, na wakakuta kanda za wasichana wenye minyororo zimeviringishwa kwenye khanga zake mpya. Ofisa alimtazama Bibi, akazitazama kanda, akafunga sanduku.

Leo naishi Germantown, kwenye nyumba ya ngazi ambazo nazipanda kwa hasira. Sikusoma kupita sekondari; chuo kilikuwa mbali na kochi. Kazi yangu naifanyia mezani kwangu nikiwa nimevaa kandambili, na kila filamu iliyowahi kutengenezwa duniani iko kwenye simu yangu, ningoje nini tena. Lakini mwaka huu jumba moja la makumbusho mjini lilitangaza wiki ya filamu za wasichana wahuni wa Kijapani, na mimi nikavaa viatu vyenye kamba nikapanda treni. Nilimkuta Marinda pale, kwenye pazia kubwa kama ukuta wa msikiti, amesafishwa picha mpaka kitambaa chake kinawaka. Kabla ya filamu mtaalamu mmoja alieleza, kwa haki kabisa, kwamba zilikuwa kazi za haraka zilizotengenezwa na wanaume ili wanaume wenzao walipe kiingilio, na kwamba bosi wa kike wa namna ile Wajapani walimwita sukeban. Nilitikisa kichwa kukubali. Nikafikiria kwamba katika hesabu zao wanaume wale hawakumweka mjukuu mwenye pumu na bibi muuza vitumbua, na hiyo ni hasara yao.

Taa zikazimwa. Ukumbi ulijaa watu na hakuna aliyesema neno. Hakuna aliyeuliza huyu ni nani tena, hakuna aliyemhimiza mtu apigwe na ile nyingine. Maandishi yalikuwa safi na sahihi, na hakimu alikuwa hakimu, na jela ilikuwa jela. Nilikaa nikiwa nimeelewa kila kitu na nikiwa sina raha. Halafu jambazi mkuu akamkaribia mpenzi wake kwa macho yale ya kulegea, na nikashtuka mikono yangu miwili iko juu, imenyoosha mtandio wangu mbele ya pazia. Mtu wa nyuma yangu akakohoa, akasema kwa upole mwingi kwamba, samahani, haoni.

Nilitoka kabla haijaisha nikampigia Bibi simu nikiwa kwenye jukwaa la treni. Kwao ilikuwa usiku, ameshakula. Siku hizi macho yamemchoka, picha hazioni, na kanda zile ziliisha kwa kuchezwa. Nilimwambia nimemuona Marinda. Nilimwambia, kama mtu aliyeleta habari nzito, kwamba kule hakukuwa bweni, na kwamba hakuwa na baba hata kidogo.

"Mke mwenzangu, mbwa wa jela mimi namjua," akasema. "Hiyo ya makumbusho waachie wenyewe. Niambie ile yetu. Anzia pale anapojitaja, na usisome kama risiti."

Palikuwa na watu pande zote, wamebeba mikoba ya kazi, wananitazama. Nikaweka simu sikioni vizuri, nikakunja magoti, nikanyoosha kiganja mbele, nikashusha sauti mpaka kifuani. Treni ya Germantown ikaja, ikafungua milango, ikaifunga, ikaenda zake bila mimi.